Kivuli bila maji: tupande nini chini ya migomba wakati wa kiangazi?

Gazeti hili litakapowafikia, kiangazi kitakuwa kinaisha. Mu Kabare, Walungu, Kalehe na ku Idjwi mvua ya mwezi wa tisa iko karibu, na kila mtu anafikiria sezoni A: mbegu ya maharagi iko wapi, jembe iko wapi, nani atasaidia kulima. Mbele ya kushika jembe, tunawaomba jambo moja. Tembeeni chini ya migomba yenu, na chini ya ule muavoka wa nyuma ya nyumba, muangalie ni kitu gani bado iko kijani pale. Kile ambacho kiko hai leo, baada ya miezi mitatu karibu bila mvua, kimeshafaulu mtihani ambao hakuna agronomu anaweza kukipa.

Tunasema hivi juu ya sababu moja. Mwenye kuwa na kipande ku bonde la maji ana sezoni C. Kuanzia mwezi wa sita analima kabichi, nyanya, lengalenga, na kiangazi kwake ni wakati wa kuuza. Mwenye hana bonde, kiangazi kwake ni wakati wa kununua. Mboga inapanda bei ku soko, na ni wakati ule ule ambapo pesa ya masomo ya watoto inatafutwa. Lakini yule mama mwenye hana bonde, ukiingia mu parseli yake, utakuta kuko udongo ambao haufanyi kitu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane: udongo wa chini ya migomba. Mbuzi zinapita pale, kuku wanakwaruza, basi. Katika vilima vyetu, ambako mashamba yanagawanywa kwa watoto mpaka yanakuwa madogo kama kitambaa, ule udongo si kitu cha kuacha.

Wengi wamejaribu. Wanapanda chini ya kivuli mwezi wa sita wakifikiri kwamba mahali penye kivuli maji yanadumu. Majuma matatu kiisha, mimea imekauka, na wanasema kivuli hakifai kwa kitu. Hapa ndipo tunataka kusimama kidogo.

Kivuli kinapunguza jua, ni kweli. Lakini mti ambao unatoa kivuli nao unakunywa. Mizizi mingi ya mgomba inaishi juu juu, katika ile sentimita 40 ya kwanza ya udongo, na ni pale pale mboga yako nayo inatafuta maji. Muavoka vilevile mizizi yake mingi iko karibu na juu, na majani yake yamefungana: mvua ndogo ya mwisho wa sezoni B inabaki juu ya majani na kurudi hewani bila kufika chini. Kwa hiyo mmea wa pale unapambana na njaa mbili kwa mara moja, njaa ya mwanga na njaa ya maji. Muhogo unavumilia kiangazi vizuri sana, kila mtu anajua, lakini uupande kivulini: unarefuka, unakuwa mwembamba, chini hakuna kitu. Lengalenga inapenda jua kali. Kivulini inatoa majani mawili matatu na kuanza maua. Nderema inavumilia kivuli, lakini udongo ukikauka majani yake yanakuwa madogo, inakimbilia mbegu. Ukisikia mtu anasifu mmea kwamba «unavumilia», muulize: unavumilia nini? Sisi tunatafuta wenye kuvumilia vyote viwili, na hao si wengi.

Tunayo bahati moja. Huku kwetu juu hakuna joto kali. Bukavu iko karibu na mita 1.500, Mulungu iko juu zaidi, na usiku wa mwezi wa saba watu wanajifunika blanketi mbili. Mahali penye baridi kidogo mmea haupotezi maji haraka. Ndugu zetu wa bonde la Ruzizi, kule Luvungi na Sange, wasichukue maneno haya yote jinsi yalivyo. Joto yao ni nyingine.

Na vivuli havifanani. Kivuli cha ukuta wa nyumba ndicho bora kuliko vyote, sababu ukuta hauna mizizi. Cheo cha pili tunakipa grevilea: majani yake yanaacha mwanga upite, na unaweza kukata matawi ya chini ukapata kuni. Mgomba uko katikati. Muavoka na muembe ni kivuli kizito. Pale pandeni pembeni, mahali matone yanaangukia kutoka ku majani ya nje, msipande karibu na shina. Tena chini ya muavoka msichimbe kwa nguvu, mizizi ikikatwa inaanza kuoza na mti wote unaweza kufa. Chini ya mikaratusi tunawaambia wazi: msipoteze mbegu yenu.

Kama hamjui kivuli chenu ni cha namna gani, nendeni pale saa sita mchana na muangalie chini. Mkiona madoadoa ya jua yanayocheza ku udongo, kuko mimea itaishi. Mkiona giza tupu, kwanza punguzeni matawi. Kiisha chimbeni tundu la kina cha mkono mpaka kiko, mshike udongo wa chini na kuufinya. Ukishikamana kama donge la bugali, maji yako bado. Ukimwagika kati ya vidole, mizizi ya mti imeshakula yote.

Sasa mimea yenyewe. Wa kwanza kwetu ni mateke, na hapa tuseme kwa makini, juu tunaita kwa jina moja mimea miwili ambayo tabia zao ni tofauti. Chukua jani, ugeuze. Kama kikonyo kimeungana na jani ndani kidogo, mbali na ukingo, na jani ni kama ngao, hayo ni mateke ya maji. Yanapenda bonde, na kiangazi cha mlimani kinayaumiza. Kama kikonyo kimeungana pale pale ku ule mkato wa nyuma, na jani ni kama kichwa cha mshale, hayo ndiyo mateke ya mlimani. Haya yanavumilia kivuli na yanavumilia udongo mkavu kuliko ndugu yake; kinyume chake, ukiyaweka ku maji yenye kusimama, mizizi inaoza. Tumeona watu wanahamisha mateke ya bonde kupanda chini ya migomba na kushangaa kwamba yanakufa, na jirani yao ana yale mengine, yamejaa. Ni jani tu walikuwa hawakuangalia.

Mateke ya mlimani yanapandwa mvua ya kwanza ikilowesha udongo vizuri, mwezi wa tisa au wa kumi. Kateni kichwa cha teke la mama, acheni kidonda kikauke siku moja mbili, mpande kwa umbali wa karibu mita moja, na samadi iliyooza mu tundu. Yanatumia miezi tisa mpaka kumi na mbili. Maana yake kiangazi kikifika, mmea una miezi minane tayari, mizizi imekwisha kushuka, chakula kimeanza kuwekwa chini. Majani mengine yatalala, msiogope. Ukitaka kula mwezi wa saba, fukua upande mmoja, utoe yale madogo ya kando, umuache mama na kufunika tena. Hii ndiyo sababu tunayapenda: ni ghala ambalo liko mu udongo, hakuna panya, hakuna mwizi anayeliona haraka. Majani yake pia ni mboga, lakini yapikwe mpaka yaive kabisa, na teke vilevile. Mabichi yanawasha koo, na mtoto akionja anaweza kuvimba midomo.

Katika mambo yote ya gazeti hili, kama mtashika moja tu, tunaomba iwe hii: mmea wa kiangazi unapandwa wakati wa mvua. Mwezi wa sita umeshachelewa.

Viazi vikuu, vile wengine wanaita inyame, vinafuata njia nyingine. Kamba yake inapanda juu ya mti kutafuta mwanga yenyewe, na kiangazi kikija inakauka mpaka chini kana kwamba imekufa. Haikufa, imelala, chakula kiko chini. Tangawizi na manjano nazo ni hivyo hivyo: zinakubali kivuli, zinakunywa mvua ya sezoni A na B, na majani yakinyauka mwezi wa sita au wa saba unachimba. Hazipigani na kiangazi, zinakikimbia. Kwa koperative ambayo inatafuta kitu cha kuuza, tangawizi ina faida hii kwamba inabebwa kavu na haiozi njiani kama nyanya. Lakini huko juu sana, ambako usiku ni baridi kali, zote zinachelewa. Msiziweke kule mkitegemea mavuno ya mwaka mmoja.

Nanasi, watu wa Idjwi hawahitaji tuwafundishe. Kwa wengine tueleze tu kwa nini linavumilia. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani yake mchana, na maji yanatoka wakati jua ni kali. Nanasi linavifungua usiku. Linakubali kivuli chepesi. Likiwa kivulini kizito majani yanarefuka na tunda linakawia. Pandeni mistari inayokata mteremko, itashika na udongo pia. Kahawa hatutaisema leo, ina gazeti lake.

Tuingie ku matembele, na hapa tutakaa kidogo, sababu hasara ya kila mwaka iko hapa. Kiazi kitamu kivulini hakitoi viazi vya maana, tusidanganyane. Lakini majani yanatoka, na zaidi ya majani kuko kitu cha bei: kamba za kupanda. Kila mwaka mvua ya mwezi wa tisa inafika na watu hawana kamba. Zimekauka ku shamba, au mbuzi zimemaliza. Wengine wanangoja majuma sita mpaka viazi vilivyobaki mu udongo viote, na hayo majuma sita ni mvua ambayo imepotea. Wengine wananunua kwa jirani mwenye bonde, kwa bei yake yeye. Kumbe kitanda kimoja cha mita moja kwa mita mbili, upande wa nyumba wenye kivuli cha mchana, kinaweza kulinda mbegu ya shamba zima.

Kitanda hicho kinatengenezwa katikati ya mwezi wa tano, wakati mvua bado iko. Chagueni kamba ku mimea yenye afya. Ile ambayo majani yake yamejikunja, yamekuwa madogo na ya njano, iacheni hata kama ni ya aina mnayoipenda. Ina ugonjwa, na mtaupanda pamoja nayo. Kateni vipande vifupi vyenye macho matatu mpaka manne, mpande karibu karibu, kiganja kwa kiganja. Maji? Yale ya kuosha vyombo yanatosha, kama hayana sabuni nyingi wala mafuta, yamwagwe mangaribi ku udongo, si juu ya majani. Zungushieni miiba. Mama akikata majani ya kupika, asimalize ncha zote. Mwezi wa tisa mkiona udongo umelowa, mnakata kamba za sentimita 30 na kupanda siku ile ile, wakati jirani bado anatafuta.

Kuko pia mimea ya kulisha udongo. Watafiti wa INERA Mulungu wamejaribu chini ya migomba, wakati wa kiangazi, mimea ambayo wengi wetu hatujaizoea: mukuna, krotalaria, na dengu. Wazo ni la maana. Maharagi ya kawaida yakipandwa mwishoni mwa mvua yanashindwa, lakini hii inaweza kuendelea na unyevu ambao umebaki mu udongo. Mukuna inafunika chini yote, majani mabaya yanakosa nafasi, na inaongeza azoti. Tunatoa maonyo mawili. Mbegu za mukuna si maharagi, zina sumu. Zihifadhiwe mbali na jikoni na watoto waambiwe. Na kamba zake zinapanda ku mgomba, lazima mtu apite kila juma kuzishusha. Mwenye hana nafasi ya kazi hiyo achague krotalaria, ambayo inasimama yenyewe.

Lakini mukuna au dengu, yote ni bure kama mbuzi zinatembea. Mu vijiji vingi mavuno ya sezoni B yakiisha, mifugo inaachiliwa. Ni desturi ya zamani, na ilikuwa na maana wakati mashamba yalikuwa tupu. Mtu mmoja akipanda kivuli chake peke yake, amepandia mbuzi za wengine. Hili haliwezi kumalizwa na mkulima mmoja, wala na sisi. Ni neno la mkutano wa koperative, pamoja na wenye mifugo na chifu wa kijiji, na likatwe mbele ya mwezi wa tano, si siku ambayo mbuzi imeshakula na watu wako na hasira.

Inabaki jambo gumu zaidi: mwanga. Mgomba wenye majani mengi unafunga jua, na ukipunguza majani, mimea ya chini inapata nguvu, na yale majani yaliyokatwa yanakuwa matandazo ya kushika unyevu. Majaribio yaliyofanywa huku kwetu yanaonyesha kwamba mgomba ukibakizwa majani saba yenye afya hauumii sana. Ukibakiza manne, kichane kinapungua, na hapo umekula ndizi yako ili upate maharagi kidogo. Tunawashauri saba, yasipungue.

Sasa sikilizeni vizuri. Ugonjwa wa wilti, ule unaofanya majani kuwa ya njano na kunyauka, ndizi kuiva mbele ya wakati na kuoza ndani, na usaha wa njano kutoka ukikata shina, umeonekana kwanza Masisi mwaka 2001 na kutoka pale umetembea mpaka kwetu. Unatembea kwa njia nyingi, lakini njia moja ni panga. Panga lililokata mgomba mgonjwa linapeleka ugonjwa ku mgomba mzima, na macho hayaoni kitu. Mtu akifuata ushauri wetu wa kupunguza majani na panga chafu, anaweza kumaliza shamba lake la ndizi kwa asubuhi moja, na kasiksi, na matandazo, na kivuli chenyewe. Faida ya mateke haitalipa hasara hiyo.

Kwa hiyo: mahali ambapo wilti iko, au iko kwa jirani, msikate majani mabichi kabisa. Ondoeni yale makavu tu, kwa mkono. Mahali ambapo haijafika, kila mtu akate na panga lake, si la kuazima wala la kibarua aliyetoka shamba lingine. Washeni moto mdogo pembeni, na mkitoka mgomba mmoja kwenda mwingine mpitishe panga mu moto mpaka liwe la moto lisiloweza kushikwa. Tunajua inachelewesha kazi. Ua la kiume ambalo linaning'inia chini ya kichane livunjwe kwa kijiti chenye panda mara kichane cha mwisho kinapotokea, bila kisu, sababu wadudu wanaobeba ugonjwa wanaingilia pale.

Matandazo yenyewe yasisukumwe mpaka ku shina la mgomba. Acheni sentimita 60 wazi kuzunguka shina, kwa sababu yule mdudu mweusi anayetoboa shina chini anapenda kujificha mahali penye unyevu na giza. Yale mengine yawekeni mazito kabisa juu ya mateke na tangawizi, kipimo cha kiganja, wakati mvua ya mwisho ya mwezi wa tano bado iko mu udongo. Ukitandaza juu ya udongo ambao umeshakauka, unafunika ukavu.

Kwa kazi ya juma hili, koperative zenye kuwa na kiwanja cha pamoja zinaweza kutenga kona moja yenye kivuli kwa ajili ya mbegu: mistari miwili ya mateke ya mlimani, vichwa vya tangawizi, na mahali pa kitanda cha matembele ambacho kitasubiri mwezi wa tano. Mwanachama mwenye kuona mateke yenye afya kwake, sasa hivi mwishoni mwa kiangazi, alete vichwa vitano ku mkutano ujao. Aangalie kwanza jani, kikonyo kimeungana wapi, na aandike ku kipande cha karatasi yalikuwa chini ya mti gani.